Aliyeitikia Katika Kasho Tupu

Asubuhi ile ya mwaka 1964 gereza la Uvira lilikuwa na wafungwa kumi na tisa, na walioitikia majina walikuwa ishirini.

Kuita majina kila asubuhi ilikuwa amri ya Maître Evariste, mwanasheria kutoka Haiti, aliyeletwa kuisaidia nchi changa kutengeneza haki ya jinai, maana Wabelgiji walipoondoka hawakuacha hata jaji mmoja mweusi. Moyo wake ulikuwa mzuri, tusimsingizie. Ila alikuwa na ugonjwa wa watu wa karatasi: akiona jina daftarini bila tarehe ya kutoka, chakula hakipiti kooni. Na jina hilo lilikuwapo. Nizigiyimana, mvuvi, ameingia Juni 1960. Faili hakuna.

"Huyu usimwite, Maître," alinong'ona Thaddée, karani wake. Thaddée wa Kasenga ndiye aliyekuwa mdomo wa Evariste, kwa kuwa Maître hakujua Kiswahili zaidi ya jambo na aksanti. "Alikufa humu. Hakuliliwa, hakuzikwa. Mtu wa namna hiyo haitwi mara tatu."

Evariste alicheka. Sheria inataka asiyeonekana aitwe mara tatu, ndipo faili ifungwe. Akaita. Akaita tena. Mara ya tatu, nyuma ya mlango wa kasho, kile chumba cha adhabu kisicho na dirisha, sauti kavu ikajibu:

"Niko."

Wakafungua. Hamkuwa na mtu, joto tu, na harufu ya ngozi iliyoanikwa juani. Evariste alidhani wafungwa wanamchezea. Kwa hasira akaandika hati: Nizigiyimana aachiwe huru. Chini palikuwa na nafasi ya jina la mtu atakayempokea nyumbani kwake. Thaddée alificha mikono mgongoni. Basi Maître akaandika jina lake mwenyewe, akapiga muhuri. Jamani! Hata mlevi wa pombe ya kasiksi hafanyi hivyo.

Saa sita mchana, Sabine akaomba maji.

Sabine alikuwa mtoto wa pekee wa Evariste, miaka saba, mama yake amekufa. Kiswahili alikishika kwa miezi miwili akicheza na watoto wa Thaddée. Alikunywa kikombe, akanywa cha pili, akamaliza mtungi mzima, kisha akalia kwamba hajapewa kitu. Baba yake akamtia kidole mdomoni. Ulimi ulikuwa mkavu.

Siku ya pili midomo ilipasuka. Siku ya tatu walimkuta ndani ya kabati, anakwaruza mlango kutoka ndani mpaka kucha zinatoka damu, na mlango wenyewe haukuwa umefungwa. Daktari alikuwa ameshavuka ziwa kwenda Bujumbura, kwa sababu waasi walikuwa bondeni, watu wanasema wameshapita Lubarika. Thaddée, aliyempenda mtoto huyo kama wake, ndiye aliyekwenda kumleta Mama Pétronille, mfumu, yaani mganga, wa Kasenga.

Pétronille alimlaza mtoto sakafuni, akatikisa kibuyu chake, akauliza polepole:

"Weye ni nani? Unatafuta nini kwa mutoto wa watu?"

Na kutoka katika kifua kile chembamba, kifua cha mtoto ambaye juzi tu alikuwa anaruka kamba uani, ikatoka sauti ya mwanamume mzima, kavu, bila haraka, huku ile harufu ya ngozi ikijaa chumba na nzi wakiacha kuruka, wakatua wote ukutani, na sauti hiyo ikasema, ikasema, bila mtoto kuvuta pumzi hata mara moja.

"Anasema nini?" Evariste alipiga kelele. "Thaddée! Tafsiri!"

Thaddée alirudi nyuma hatua moja. Shingo ya mtoto ikaanza kukakamaa.

"Uliapa kutafsiri!" Evariste akamshika shati. "Bila kuongeza, bila kupunguza! Anakufa!"

Karani alimtazama Sabine. Kisha akasimama wima kama mahakamani, akatafsiri.

"Anasema: wazungu walipokimbia walimwachia mtu ufunguo wa kasho. Mtu huyo naye alikimbia, akaenda nao. Anasema: siku tisa nilisikia mawimbi ya ziwa nyuma ya ukuta, na sikupata tone. Anasema: weye muntu wa sheria, umeniita, umenipokea kwako, sasa nihukumie. Aliyeshika ufunguo akae siku tisa mahali pangu, nami nitamwacha mtoto. Anasema jina la mtu huyo ni Thaddée."

Kisha akamgeukia mtoto, akapiga magoti. "Ni kweli. Askari walikuwa wanaua. Minye nilikimbia na watoto yangu. Nilikuwa nitarudi, ndugu yangu, nilikuwa nitarudi!"

Aliyekuja kufundisha kwamba mtu hafungwi bila faili akachukua kalamu, akaandika Thaddée atiwe kasho.

"Ni kwa sheria gani, Maître?" Thaddée aliuliza askari walipomshika. Evariste alinyoosha mkono apewe ufunguo wa kasho.

"Ukimufungulia na siku tisa hazijaisha," Pétronille akasema, na Thaddée, mkono mmoja tayari umefungwa, akalitafsiri hilo pia, "itarudi kwa mutoto, na haitatoka tena."

Usiku huo Sabine alikunywa kikombe kimoja, akalala.

Alfajiri ya pili risasi zilisikika. Askari waliwafungua wafungwa wote isipokuwa wa kasho, kwa kuwa ufunguo wake ulikuwa mfukoni mwa Maître, wakavua sare na kutoroka. Ufukweni, mashua ya mwisho ya kwenda Bujumbura ilikuwa inawasha mota. Kutoka pale mpaka gerezani ni dakika kumi kwa miguu. Evariste alisimama akiangalia upande ule, kisha akamwangalia Sabine aliyekuwa anakula chungwa, maji yanamtiririka kidevuni. Akampandisha mashuani.

Mwanamke akaja akikimbia majini mpaka kiunoni, mtoto mgongoni, mwingine mkononi. Alikuwa Agnès, mke wa Thaddée.

"Maître! Bwana yangu iko wapi? Tukimbie namna gani bila yeye?"

Sabine akamtafsiria baba yake. Evariste akamfuta Sabine kidevu.

"Mwambie yuko kazini. Atakuja."

"Papa anasema iko ku kazi," Sabine akapaza sauti. "Atakuja!"

Uso wa Agnès ukatulia. Akasema maneno mawili matatu, akageuka, akaanza kurudi nchi kavu na watoto wake.

"Anasema nini?" Evariste akauliza.

"Anasema aksanti," Sabine akajibu. "Wanakwenda kumngojea nyumbani."