Damu ya Baba Mkwe

“Madam, hayo maziwa ya mursik unauza pesa ngapi?”

Wariara aligeuka. Kenyatta Avenue ilikuwa imefurika watu, naye alikuwa amekumbatia kisanduku cha barafu mbele ya duka la simu. Aliyeuliza alikuwa mwenye duka, kijana mrefu, shati la samawati limenyooshwa vizuri, na tabasamu la mtu aliyezoea kusamehewa.

“Ni damu,” alimjibu. “Ya wazee. Nikumiminie kikombe?”

Kijana huyo, Kiplimo, alicheka mpaka wateja wake wakatoka dukani kumtazama. Aliomba namba yake, na wiki hiyo hiyo akaanza kumpigia simu: “Sasa, muuza damu wangu?” Naye Wariara, nesi mzima, akayeyuka kama msichana wa shule.

Kazi yake ilikuwa utafiti wa saratani ya tezi dume. Katika damu walitafuta alama za kuonyesha ni saratani ipi itatulia na ipi itakimbia, na mgonjwa yupi atafaidika na dawa ipi. Kabla ya sindano, Wariara alimuuliza kila mzee maswali ya mkojo na ya kitandani. Aliapa kutunza majibu. Kwenye utafiti mzee ni namba tu, wala si baba wa mtu.

Agosti, Kiplimo alimpeleka kwao Molo. Wariara alivaa rinda la kitenge la kijani na kufunga kitambaa kichwani kwa heshima. Mzee Kipyegon, babake Kiplimo, alitoka kuwasalimia, akamwona, mkono ukabaki hewani. Wariara alitamani ardhi immeze. Mwezi uliopita tu alikuwa amemuuliza mzee huyu kila kitu.

“Huyu hapana,” mzee alisema, akarudi ndani.

Njiani Kiplimo alipiga usukani. “Kumbe babangu ni mkabila! Ni juu wewe ni Mkikuyu!”

“Si hivyo, babe.”

“Ni nini basi?”

“Siwezi kusema.”

“Huwezi ama hutaki?”

Simu zikapungua, kisha zikakoma. Wariara alilia kwa hasira, maana sentensi moja tu ingemaliza mambo, na sentensi yenyewe haikuwa yake.

Mzee aliporudi kliniki kutolewa damu, Wariara alishindwa kuvumilia.

“Mzee, Kiplimo anaamini mmenikataa kwa ukabila.”

“Afadhali hivyo.”

“Afadhali kwa nani? Nimefunga mdomo mpaka nimepoteza mtu wangu! Mimi siwezi kumwambia. Nyinyi mnaweza!”

Mzee alikunja mkono wa shati polepole. “Mkamwana hafai kujua mambo hayo ya baba mkwe. Nitakula chakula chako nikiangalia wapi?”

“Mtaangalia sahani, mzee.”

Hakucheka. Alinyoosha mkono, akadungwa, akaenda zake bila kuaga.

Jioni simu ililia. Kiplimo.

“Mzee ameniambia. Ulijua babangu ni mgonjwa ukanyamaza, mpaka nikarudi nyumbani kumuita mkabila mbele ya mamangu?”

“Nilijua.”

“Nimekasirika, Wariara.”

“Hata mimi! Ungeniamini siku moja tu!”

 

“Bado niko na hasira,” Kiplimo alisema. “Lakini nataka kukuoa nikiwa nayo hivyo hivyo.”

“Na mzee?”

“Amekubali. Anasema sindano uendelee kumdunga wewe, mkono wako ni mwepesi. Lakini hayo maswali aulizwe na mwanaume.”

Wariara akakubali masharti yote mawili, na ndoa pia.