Flashi Katika Saluni ya Pinki

Kimya ndiye aliyeliona kwanza lile doa. Lilikuwa jeupe, dogo kama punje ya mahindi, katikati ya paji la uso la mteja. Akatazama picha ya pili. Doa lipo. Ya tatu, lipo. Wateja sita, mapaji sita, madoa sita. Na nyuma ya kila kichwa, ukutani, palikuwa na kivuli cheusi tii, kama mtu aliyejibanza pale kusikiliza umbea.

Hakusema kitu. Ndiyo maana walimwita Kimya. Alikuwa na miaka kumi na tisa, akiishi kwa shangazi yake, msusi. Saluni alifagia, alifua taulo, na alipiga picha za mitindo kwa kamera ya mtumba aliyonunuliwa na Shangazi. Kamera ilikuwa na kitaa kidogo kilichochomoza juu. Kila alipobonyeza, kilimulika.

Jumatatu asubuhi ujumbe wa chuo alikoomba kazi Shangazi uliingia kwenye simu yake. Shangazi aliusoma kwa sauti.

"Tumepokea picha zako. Mistari ya misuko haionekani. Tafadhali tutumie nyingine sita kabla ya Ijumaa jioni."

Shangazi akakaa kwenye kiti cha wateja, akavua viatu. Alikuwa amesuka kwa miaka ishirini na miwili, akisimama toka asubuhi mpaka jioni. Sasa miguu yake ilivimba kila siku. Chuo kile kilitafuta mwalimu wa ususi. Mwalimu anaweza kufundisha ameketi. Nafasi ilikuwa moja tu.

"Mimi nasuka mistari mpaka vidole vinakufa ganzi," akasema. "Wao wanaona kofia nyeusi!"

Binti yake, ambaye pia alisuka pale, aligeuka. Watu walimwita Spika, kwa sababu sauti yake ilisikika mpaka mtaa wa pili.

"We Kimya, ulipiga picha au ulipiga chafya?"

Wateja wakacheka. Kimya alichukua kamera, akavuka barabara.

Ng'ambo palikuwa na chumba cha mama mmoja aliyepiga picha za pasipoti na vitambulisho. Kutwa nzima aliwaambia watu, "Usicheke, usicheke." Basi jina likamganda: Mama Usicheke. Yeye mwenyewe alipenda kucheka kuliko wote.

"Hodi," Kimya akasema kwa sauti ndogo.

"Karibu! Sema kwa nguvu, mwanangu, hapa hatung'ati watu."

Kimya akamwonyesha zile picha na lile doa. Mama Usicheke akavaa miwani.

"Umeona vizuri. Hiyo ni taa yako mwenyewe. Kitaa hiki kimekaa karibu na lenzi, na kinatazama mbele tu. Kinampiga mtu usoni kama kofi. Ngozi yenye mafuta inarudisha mwanga, unapata doa. Kivuli nacho kinaangukia ukutani."

"Na misuko, mama?"

"Njoo." Alichukua sega, akalimulika kwa tochi kutoka mbele. Meno ya sega hayakuonekana vizuri. Kisha akapeleka tochi pembeni. Kila jino likapata kivuli chake chembamba. Kimya aliweza kuyahesabu.

"Mwanga wa mbele unalainisha. Mwanga wa pembeni unachonga," Mama Usicheke akasema. "Unahitaji flashi ya nje, ile taa inayovalishwa juu ya kamera."

"Ile kubwa kabisa?"

"Ukubwa si hoja. Angalia kichwa chake. Kiinuke, na kigeuke pembeni, kama shingo ya jirani mmbeya. Hapo utaweza kuuelekeza mwanga kwenye dari au ukutani, urudi kwa mtu ukiwa mpole. Kisichogeuka, kiache dukani. La pili, iwe ya aina ya kamera yako. Nenda na kamera, uivalishe palepale. La tatu, uweze kupunguza nguvu yake: nusu, robo, na chini zaidi. Na usiokote flashi ya zamani usiyoijua. Nyingine zinaweza kuunguza kamera."

Kimya alirudia maneno yale njia nzima. Kichwa kigeuke. Aina ya kamera. Nguvu ipungue.

Jumanne Shangazi alimpeleka dukani pamoja na Spika. Muuzaji akatoa flashi kubwa kama tofali.

"Hiyo hiyo!" Spika akasema. "Inaonekana ina kazi."

Kimya akaipokea. Akajaribu kuinua kichwa chake. Hakikuinuka. Akajaribu kukigeuza. Hakikugeuka. Akairudisha juu ya meza ya kioo.

"Dada, hiyo inamulika mpaka katikati ya uwanja wa mpira," muuzaji akasema.

"Saluni yetu ni hatua saba," Kimya akajibu.

Spika akamtazama, mdomo wazi. Hakuwahi kumsikia akimjibu mgeni.

Muuzaji akaleta ya pili. Kichwa kiligeuka, lakini kitako kilikataa kuingia kwenye kamera.

"Sukuma tu, itaingia."

"Sisukumi," Kimya akasema. "Ni ya kamera nyingine."

Ya tatu ilikuwa ya wastani. Iliingia bila shida. Kichwa kiliinuka na kugeuka. Kioo chake kidogo kilionyesha nguvu ya mwanga, na kitufe kiliipunguza. Ilitumia betri nne ndogo za kuchaji, zile zinazouzwa kila duka. Kimya aliifyatua mara tano. Iliwaka mara tano.

"Hii," akasema.

Jumatano walianza. Shangazi alimsuka Spika mtindo wa kwanza, akamkalisha mbele ya kioo kikubwa. Kimya akainua kichwa cha flashi, akakielekeza darini. Akabonyeza.

Doa halikuwepo! Kivuli kizito hakikuwepo! Lakini Shangazi aliposogea kutazama, alishika kiuno.

"Mbona mwanangu amekuwa hivi?"

Spika akachungulia. Uso wake ulikuwa mwekundu-mwekundu, shingo vilevile, hata meno.

"Nani kanibanika? Mama, mimi nimeshaiva!"

Na ndani ya kioo, nyuma yake, ilionekana nyota kubwa nyeupe. Ilikuwa flashi yenyewe.

Kimya akajaribu tena. Akaelekeza ukutani kulia. Spika akaiva zaidi. Kushoto, vilevile. Betri zikachoka, na siku ikaisha. Zilibaki siku mbili.

Asubuhi ya Alhamisi Kimya alikuwa akianika taulo jeupe kwenye kamba, karibu na ukuta wa saluni. Jua liliupiga ukuta. Akasimama. Upande wa taulo uliotazama ukuta haukuwa mweupe. Ulikuwa na wekundu kidogo. Akalisogeza taulo mbali. Wekundu ukapotea. Akalirudisha. Wekundu ukarudi.

Miezi miwili iliyopita Shangazi alikuwa amepaka saluni yake rangi ya pinki, ndani na nje. Rangi ilipobaki, akaona isiharibike, akapaka na dari.

"Shangazi," Kimya akasema, "ni rangi."

"Rangi yangu ina kosa gani? Kila anayepita anaisifu!"

"Ni nzuri, Shangazi. Lakini mwanga ukiigonga, unaichukua. Ukirudi kwa mtu, unampaka."

Shangazi akatazama ukuta, akatazama dari, akatazama ukuta tena. "Kumbe nimempaka na Spika!"

Kimya hakusubiri. Alileta shuka jeupe la kitanda chake, akalitundika kwa vibanio kwenye ukuta wa kushoto, kutoka juu mpaka chini. Aligeuza kiti ili kioo kisiwe nyuma ya mteja. Akakielekeza kichwa cha flashi kwenye shuka, wala si kwa mtu. Akabonyeza.

Picha ilikuwa nyeupe mno. Akashusha nguvu mpaka nusu. Bado kali. Akashusha mpaka robo. Akabonyeza, akaitazama, akaisogeza karibu na macho.

"Sema basi!" Spika akapiga kelele. "Nimeungua tena?"

Kimya akamgeuzia kamera. Ngozi ya Spika ilikuwa rangi yake halisi. Na kichwani, kila mstari ulisimama peke yake, na njia zake zilikuwa safi kama matuta ya shamba lililolimwa jana. Palipokuwa na fundo dogo, fundo lilionekana. Palipopinda, mpindo ulionekana.

"Mama, njoo uone kazi yako!" Spika akaita, na mtaa wa pili ukasikia.

Shangazi alikuja pekupeku. Aliikazia macho ile picha. "Hivi ndivyo ninavyosuka?" akauliza polepole. "Miaka yote hii, hivi?"

Mchana Mama Usicheke alipita kuona maendeleo. Alilitazama shuka, akasikiliza habari ya taulo, akapiga makofi.

"Hilo sikukwambia, kwa sababu dari yangu ni nyeupe na sijawahi kupambana nalo. Leo nimefundishwa!"

Ijumaa adhuhuri wateja wa mwisho walikuwa wameshapigwa picha. Mmoja alikuja na mtoto mchanga mgongoni. Kimya alihakikisha flashi inatazama shuka, mbali na macho ya mtoto. Picha sita zikaondoka kabla ya jioni, saa nne nzima zikiwa bado zimebaki.

Jumatatu simu ya Shangazi ililia. Aliipokea, akaiweka sauti ya juu ili wote wasikie.

"Tumeona kila mstari," akasema mama aliyekuwa mkuu wa chuo. "Walimu wenzangu wanabishana jinsi ulivyopindisha mistari ya picha ya nne. Njoo uanze kazi tarehe moja."

Saluni ililipuka kwa vigelegele. Mteja mmoja aliruka na kichwa kilichosukwa nusu. Spika alimkumbatia mama yake mpaka kiti kikalia.

"Subirini," sauti ya simu ikasema. "Na mpiga picha ni nani? Darasa letu linahitaji picha za mitindo yote."

Shangazi alimsogezea Kimya simu.

"Ni mimi, mama," Kimya akasema. "Nitakuja. Nitakuja na shuka langu."

Vigelegele vikaanza upya. Spika alimwinua juu, akamzungusha, akamshusha. "Dada yangu huyu!" akawaambia wateja. "Nilimcheka mimi. Nichekeni mimi sasa!"

Shangazi akamshika Kimya mikono yote miwili.

"Mwanangu, umenipa kiti cha kukalia. Leo sema unachotaka. Chochote."

Kimya akatazama picha mpya zilizobandikwa ukutani. Nyuso sita, vichwa sita, vyote viking'aa. Kisha akagusa kitambaa chake cha kichwa. Chini yake palikuwa na mistari ya twende kilioni ya wiki tatu, aliyojisuka mwenyewe haraka haraka, bila kioo.

Akakivua.

"Nisuke, Shangazi," akasema, na kila mtu saluni akamsikia. "Mtindo unaoupenda kuliko yote. Halafu Spika anipige picha. Siku zote nawaonyesha wengine. Nataka na mimi nionekane."