Akiitwa Malale, Naitika

Mume wangu, Malale, aliondoka Jumanne asubuhi, siku ambayo mwenyekiti wa kitongoji alipita kuandika majina.

Mwaka ule wanunuzi wa mahindi hawakufika kwetu Kasekese. Magunia yaliliwa na wadudu ndani ya nyumba. Vibarua havikuwepo, maana hakuna aliyeweza kumlipa mwenzake.

Malale alidhani majina ni ya mchango. Ndivyo tulivyozoea: ukiona daftari, unaombwa kitu. Niliposema tungoje tusikie, alinicheka.

"Mama Ng'washi, wewe baki umpikie mwenyekiti chai. Mimi nakwenda machimboni."

Mwenyekiti alipofika nilisema Malale hayupo. Aliandika jina lake hata hivyo, kwa kuwa ndiye mkuu wa kaya, akapita bila kueleza ni ya nini.

Siku ya tisa shimo la dhahabu lilititia. Malale alikuwa chini.

Baada ya matanga alikuja Bernadetha, afisa maendeleo wa kata, kutoa pole. Akauliza mbona hatufiki kazini. Sikumwelewa. Akaeleza kwamba majina yale yalikuwa ya kibarua cha serikali: kutengeneza barabara yetu, kwa ujira.

Edgar, mwenye duka, alikuwa amekaa nasi. Wiki nzima hakuwa ameuza hata kiberiti. Alimtania Bernadetha kwamba serikali nayo imechacha kama sisi.

"Edgar, ukikosa wateja unafanyaje?"

"Nabana matumizi."

"Na huyu mama anabana, hanunui kwako. Mwenye mashine ya kusaga naye anabana. Wote mkibana, nani atanunua? Ndiyo maana wakati kama huu serikali inatoa kazi. Mama akilipwa, atanunua sabuni kwako. Wewe utasagisha mahindi mashineni."

"Na pesa inatoka wapi?"

"Ya kodi, na nyingine ya kukopa. Mambo yakitengemaa, mkopo unalipwa. Kwa hiyo barabara iwe barabara kweli. Lori lipite."

Malale angeyasikia hayo Jumanne ile, angebaki.

Niliomba niandikwe mimi. Bernadetha akasema kubadilisha jina wilayani kutachukua muda, ila kaya ni ileile, nianze tu.

Nilianza Jumatatu, kwa jembe la Malale. Sasa dukani kwa Edgar sukari ipo. Malori mawili yamekuja kuchukua mahindi yaliyosalia. Mwanangu Ng'washi anakula mara mbili kwa siku.

Kila asubuhi msimamizi anasoma majina. Akisoma Malale, naitika mimi.