Waya Moja Chini ya Kifuniko

Kila asubuhi ya likizo Lamis alifagia kibaraza cha karakana ya babake, akapanga spana kwa ukubwa wake, kisha akaketi juu ya kasha la vipuri kungoja watu wa kuwacheka. Hawakukosekana. Karakana ilikuwa kwenye kichochoro kinachotokea barabara ya Ndia Kuu, na yeyote wa Mji wa Kale mwenye jenereta inayokohoa au pampu iliyogoma alimletea babake huyo, Fundi Hussam. Lamis, mwenye umri wa miaka kumi na mitatu, aliwapima wote kwa jicho moja. Huyu hajui hata mafuta yanatiwa wapi. Yule, nati yake utadhani kaifungua kwa meno. Hakuyasema babake akiwapo. Alikunja pua tu.

Aliyekunjiwa pua kuliko wote ni Mzee Kadenge, mkata nyasi wa uwanja wa kriketi. Ndara zake zilishonwa kwa uzi wa katani, na maneno yake yalitoka moja moja kama mtu anayehesabu mayai. Mashine yake ya kukata nyasi, ile ya kukaliwa kama trekta dogo, ilikuwa imeunguza injini. Fundi Hussam alitafuta injini nyingine, akaifunga, akamwachia Lamis kuunganisha waya.

"Ukikwama, niulize," alimwambia.

Lamis aulize! Waya zote zilikubali isipokuwa moja nyekundu. Injini ilikuwa ya kampuni nyingine, kwa hiyo plagi ya waya ile haikuingiana na ya mashine. Alijaribu mara mbili, akachoka. Akaizungushia tepu nyeusi, akaisukuma chini ya kifuniko. Alipopiga stata, injini ilinguruma mara moja.

"Ingekuwa na maana, mashine isingewaka," alijiambia, akajifuta mikono kama fundi mkubwa.

Siku tatu baadaye Mzee Kadenge alirudi, betri mkononi.

"Betri imelala, mwanangu. Napiga stata, kimya."

"Umeacha ufunguo wazi usiku kucha."

"Nilizima."

"Kila mtu husema alizima," Lamis alijibu, akaichomeka betri kwenye chaja bila kumtazama.

Siku tatu nyingine, Mzee Kadenge huyo tena. Safari hii ufunguo wa mashine ulikuwa umening'inia shingoni mwake kwa kamba.

"Nikizima, nauvaa. Hata kuoga naoga nao."

Lamis alicheka mpaka akashika mbavu. "Mashallah! Umekuwa mbuzi wa Idi. Bado kengele tu."

Mzee Kadenge hakucheka. "Betri ikitoka hapa ina nguvu. Ikifanya kazi inachoka, inachoka, inakufa. Mimi sikusoma, lakini naona kama hailishwi."

"Wewe kata nyasi. Mambo ya umeme tuachie wenyewe."

Jumatatu alikuja Alibhai, katibu wa uwanja, akipepea uso wake kwa gazeti.

"Bwana Hussam, Jumamosi tuna wageni kutoka Nairobi, na nyasi zinafika magotini! Nimemwambia Kadenge, betri ikifa tena kwa uzembe wake, atafute kazi kwingine. Miaka kumi na tisa nimemvumilia."

Lamis alikuwa akisugua plagi ya cheche ya jenereta kwa brashi. Mkono ulisimama. Hailishwi, mzee alisema. Ile waya nyekundu aliyoifunga tepu ilitoka kwenye injini ikienda kwenye betri. Mashine iliwaka kwa sababu betri ilikuwa imejaa. Baada ya hapo injini haikuirudishia hata tone la umeme.

Angesema pale pale. Lakini aseme nini, kwamba Kadenge wa ndara za katani alijua na yeye hakujua? Alasiri alibeba kisanduku cha vifaa mpaka uwanjani.

"Baba amenituma," alimdanganya Mzee Kadenge.

Aliwasha mashine, akaweka kipimo cha volti kwenye betri. Injini ikinguruma, namba ilibaki kumi na mbili na kitu. Akazima, akaikata plagi isiyofaa, akafunga inayofaa, akaunganisha waya nyekundu na kuwasha tena. Namba ikapanda hadi karibu kumi na nne. Betri ilikuwa inalishwa.

"Ilikuwa na nini?" aliuliza Mzee Kadenge.

"Vumbi tu."

Ijumaa, Mzee Kadenge alileta visu vya mashine vinolewe. Alibhai akamkuta hapo hapo kibarazani.

"Siku nne betri haijafa!" Alibhai alisema, na tabasamu lake halikuwa zuri. "Unaona, Bwana Hussam? Nilipomfokea tu, betri ikapona. Basi ni yeye siku zote, na kamba yake shingoni ilikuwa maonyesho. Uzembe ningesamehe. Uongo sisamehi. Wageni wakiondoka, na yeye aondoke."

Mzee Kadenge aliviweka visu chini. Alianza kuvua kamba shingoni. Nyumbani kwake Kisauni palikuwa na wajukuu wanne waliokula kwa kazi hiyo.

"Si yeye," Lamis alisema. Akasimama katikati yao. "Si yeye. Waya ya kuchaji niliifunga tepu nikaificha. Jumatatu nikaenda nikaiunganisha kwa siri."

Alibhai alikunja gazeti lake, akamgeukia mzee.

"Na mimi nimemwita mtu mzima muongo! Nisamehe, Kadenge."

"Mzee Kadenge," alisema Fundi Hussam.

"Nisamehe, Mzee Kadenge. Kazi ni yako. Kesho wageni wakija, simama nami langoni."

"Kwa hiyo ilikuwa hailishwi?" mzee alimuuliza Lamis.

"Ilikuwa hailishwi, mzee. Nisamehe."

"Haya. Mara nyingine nikisema kitu, ngoja nimalize."

Walipoondoka, Fundi Hussam alimketisha bintiye.

"Kukosea waya si ajabu. Mimi nimeunguza injini mbili nikijifunza. Lakini mtu alikuletea kosa lako mkononi, ukamdharau, basi hukusikia. Ulipolijua ukatengeneza chuma, ukaliacha jina lake chini. Ukiharibu jina la mtu, litengeneze kwanza, mbele ya watu wale wale. Likizo hii umefunga mashine ngapi?"

"Saba, Baba."

"Kesho utawapitia wenye mashine wote saba. Usiwaonyeshe ufundi wako. Waulize mashine zinaendeleaje, kisha nyamaza usikilize."

Lamis alifungua mdomo kujitetea. Akaufunga, akachukua kalamu, akaanza kuandika majina.