Sehemu ya Zumari

Ilianza kwa sauti ambayo mpangaji wa muziki hakuiandika. Kazi yake ilikuwa kuzichukua nyimbo za mchezo wa jukwaani na kuigawia kila ala ya okestra sehemu yake, na tangu kaka yake mpiga zumari afariki, hakuwa ameandika noti hata moja ya zumari. Lakini asubuhi ile, katikati ya mazoezi, zumari ililia. Ilitoka kwenye kiti kitupu cha marehemu, pamoja na harufu ya udi uliochanganyika na damu.

Kiongozi wa okestra, waliyemwita Bwana Mkubwa, alisema ni upepo tu, akaamuru waanze upya. Jasho lilikuwa linamtiririka. Yeye ndiye aliyemlazimisha kaka mtu kupuliza huku anakohoa damu, mpaka akaanguka, kisha akatangaza kwamba marehemu alikuwa mlevi. Okestra nzima iliona. Okestra nzima ilinyamaza.

Sauti iliendelea, hadi mafundi wa taa wakagoma kuingia. Yalipomfika shingoni, Bwana Mkubwa alimwita mganga, mama mmoja mpole, ambaye aliketi karibu na kile kiti akanong'ona nacho kwa muda mrefu. Mwishowe akaeleza kwamba ni jini aliyeishi ndani ya pumzi ya marehemu tangu utoto wake, na ataondoka mkosaji akikiri mbele za watu. Bwana Mkubwa akamfukuza kama mbwa.

Mganga alimkuta mpangaji, dada mtu, mlangoni.

"Mwanangu, huyu jini anakusikiliza wewe," alisema kwa sauti ya chini. "Usimpe kazi."

Dada mtu akaitikia, akarudi mezani kwake. Akauvuta wimbo wa mwisho, akaandika sehemu ya zumari: noti moja ndefu, isiyo na pahali pa kuvuta pumzi.

Onyesho la mchana lilijaa. Wimbo wa mwisho ulipofika, zumari iliingia pale pale alipoiandika, laini, ikapanda, na kadiri ilivyopanda ndivyo kifua cha Bwana Mkubwa kilivyonywea, mikono yake ikiendelea kuongoza kana kwamba imeshikwa na mtu mwingine, macho yamemtoka, midomo ikitafuta hewa iliyojaa ukumbi mzima isipokuwa pale aliposimama yeye, na watazamaji, wakidhani hayo nayo ni maigizo, wakainuka wakampigia makofi mpaka alipodondoka, na hata baada ya kudondoka.

Dada mtu alirudi kwenye chumba chake nyuma ya jukwaa, akaketi kusubiri machozi, au furaha. Havikuja. Ilikuja ile harufu, na pumzi ya moto sikioni.

"Mwingine nani, dada?"

Alitaka kusema basi, yatosha. Upande wa pili wa ukuta wanamuziki walikuwa wanacheka wakifunga ala zao, na mkono wake ulikuwa umeshavuta karatasi nyingine.