Silikoni Niliyoikuta Kwenye Begi la Maodez

"Toka kwenye karakana yangu."

Baba alimwambia hivyo mdogo wangu Maodez mbele ya wateja wawili. Na aliyemchongea ni mimi, dada yake wa tumbo moja. Msinitukane bado, someni mpaka mwisho.

Naitwa Nolwenn. Sisi ni watu wa Douarnenez, mji wa bandari huko Ufaransa, kazi yetu kuunda mashua za tanga. Baba, mzee Fanch, macho yanamwisha. Daktari alisema baridi ijayo hataona tena. Mzee alitaka kitu kimoja tu... kiangazi hiki avuke na mashua yake mwenyewe mpaka visiwa vya Azori, kule katikati ya Atlantiki, avione kabla giza halijaingia.

Oktoba mimi na Maodez tulifunga vishikio vipya vya kamba juu ya sitaha. Yeye akatoboa matundu. Mimi nikapaka gundi ya kuzuia maji, nikakaza bolti mpaka gundi ikafurika pembeni.

Maodez akaniambia niache nati zimekazwa nusu, gundi ikauke kwanza iwe mpira, nimalizie kesho yake. Nikamcheka. Baba alinifundisha kukaza mpaka mwisho tangu nina miaka kumi na mitano, huyu wa juzi ananiambia nini?

Mvua za huku hazina huruma. Mei, siku nne kabla ya safari, nikakanyaga karibu na kishikio... sitaha ikabonyea.

Ndani ya sitaha kuna ubao mwepesi uliobanwa kati ya tabaka mbili ngumu, nao ulikuwa umekunywa maji msimu mzima kupitia matundu ya bolti. Ilibidi kukata na kujenga upya. Kiangazi cha baba kimekwenda.

Nilichanganyikiwa. Nikapekua begi la Maodez, nikakuta tyubu ya silikoni, ile ya kuzibia bafuni, ambayo sisi hatuigusi kabisa kwenye sitaha. Nikaamini aliipaka kwenye matundu aliyotoboa, ndiyo maana gundi yangu haikushika. Sikumuuliza. Nikaipeleka moja kwa moja kwa baba.

Baba alipomfukuza, Maodez aliitazama tyubu, akanitazama mimi, akachukua koti lake.

Jumatatu nikafungua kishikio mwenyewe. Silikoni? Hata chembe. Ilikuwa gundi yangu, nyembamba kama ganda la kitunguu. Nilikuwa nimeikamua yote nje kwa spana yangu.

Nikaenda kwa Maodez, nikamkuta amepiga magoti anaziba bafu lake kwa silikoni.

"Ulijua?"

"Tangu siku ile unakaza."

"Sasa mbona hukujitetea?"

"Kukaza hivyo umefundishwa na nani, dada?"

Maodez akaiweka chini tyubu yake.

"Zamani walitumia gundi isiyokauka, ikilegea unakaza tena. Ya siku hizi ukiikamua imekwisha. Sasa nimwambie mzee anayepofuka kwamba mashua yake imeponzwa na mafunzo yake? Bora anione mimi mjinga."

Nililia palepale mlangoni.

Jioni nikasimama mbele ya baba.

"Baba, Maodez hana kosa. Kazi ile niliiharibu mimi. Sikufuata ulivyonifundisha."

Baba akaniambia nimpigie mdogo wangu simu, aje tule.

Wewe unayesoma, kabla hujamnyooshea ndugu yako kidole, fungua kwanza kazi ya mikono yako uitazame.

Azori baba hakuiona. Ila mpaka leo anaamini alinifundisha vizuri, na kati yetu wawili hakuna atakayemwambia vingine.