Lango Lisilo na Kijiti

Zamani zile, kabla Mreno hajaonekana pwani yetu, palikuwa na miji miwili ya mawe katika bara ya mwambao, Mtangeni na Kiwanyu. Baina yake palikuwa na msitu mmoja mkubwa na mwendo wa siku tatu kwa miguu. Miji yote miwili iliuza pembe na ambari, ikanunua kaure na hariri. Dini yao moja, lugha yao moja, hata mchuzi wao waliupika namna moja. Ndiyo maana walichukiana sana. Watu wasiofanana hupigana wakachoka, lakini wanaofanana hawachoki.

Kitu kimoja Mtangeni walikuwa nacho na Kiwanyu hawana: mafundi wa milango. Fundi wa Mtangeni alipochonga mlango, wapita njia walisimama. Mnyororo ulizunguka fremu yote bila kukatika, mayungiyungi yalipanda katikati moja juu ya jingine, na samaki walilala chini kwenye kizingiti. Na katikati, pale mbao mbili zinapokutana, palisimama mfaa, mti mnene uliopachikwa kwenye ubao wa kuume. Komeo la ndani lilishikwa na mfaa, na mfaa ukishika, hakuna wa kuingia.

Lakini malango ya Mtangeni yalikuwa na siri. Katika siku za mababu, mji uliungua kwa moto wa jikoni wakati wa kaskazi. Watu walikimbilia langoni wakakuta wenye zamu wamekwisha kimbia, komeo limekwama, halitoki. Walifia pale, wamelaliana, na nje jirani zao wakisikia na wasiweze kitu. Tangu mwaka ule mafundi wakaafikiana: kila lango litakalotoka mikononi mwao litawekwa kijiti cha mkoko ndani ya ua la tatu kutoka chini ya mfaa. Kwa macho hakionekani. Kwa kidole cha anayejua, kinasogea. Ukikichomoa, mfaa unateremka, komeo linaanguka nao, na lango linafunguka hata kwa mtu aliye nje. Walikiita kijiti cha rehema. Fundi alimfundisha mwanawe siku ya kumkabidhi tezo, wala hakumfundisha mwingine.

Katika zama za Fumo Tambawe, mfalme wa Kiwanyu, fundi mkuu wa Mtangeni alikuwa Mselem bin Shee. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye vidole vilivyopinda kwa patasi. Mkewe alikwisha fariki bila mtoto. Aliishi na mama yake na mdogo wake Sadiki, fundi naye, mcheshi, ambaye watu walimpenda zaidi. Mselem hakuona wivu. Alijua kwamba kwao ni pale, na mtu akijua kwao hahitaji kupendwa na kila mtu.

Mwaka mmoja ndugu hao wawili waliingia msituni na wapasua mbao wao kutafuta mvule. Askari wa Kiwanyu waliwavamia wakiwa wanaangusha mti. Hawakuja kuua. Walikuja kumchukua mtu mmoja, na walimjua kwa jina. Sadiki alipigana kwa shoka akapata jeraha la bega, akaburutwa na wenzake hadi vichakani. Mselem alifungwa kamba ya mnazi mikononi, akatembezwa hadi Kiwanyu.

Fumo Tambawe alimpokea barazani. Alivaa joho jeusi lenye uzi wa dhahabu na jambia la ala ya fedha, na alisema naye kwa adabu. Alimwambia lango la mji limeliwa na mchwa, na kwamba yeye hataki lango la kuazima sura, anataka lango la Mtangeni lililo zuri kuliko la Mtangeni. Likiisha, fundi atapewa punda na chakula, aende zake.

"Kuna jambo moja," mfalme akasema. "Nimesikia kwamba malango yenu hufunguliwa na ninyi wenyewe, kwa njia msiyoiambia mtu. Sijui ni njia gani, wala sikuulizi. Utaapa kwa Msahafu kwamba lango langu halitakuwa na njia hiyo. Ukikataa, utakaa hapa hadi ndevu zako ziwe nyeupe."

Mselem aliomba muda. Alipewa kibanda karibu na ukuta, na siku kadhaa alikaa akitazama mlango wake, ambao ulikuwa kipande cha jamvi. Aliwaza kuapa kwa uongo. Angeweza. Nani angejua? Lakini alikuwa mtu wa namna ile ya zamani, ambaye Msahafu ukishikwa mikono huwa mizito. Na zaidi ya yote alitaka kwenda kwao. Mwisho alitawadha, akaenda, akaapa.

Kazi ilichukua miaka miwili. Watu wa Kiwanyu hawakumtesa. Hawakumtukana hata. Walimwita "Mtangeni", kama kwamba mji ni jina la mtu, na walimpita wakiendelea na mazungumzo yao. Msikitini walimwachia nafasi kubwa kuliko aliyohitaji. Alikuwa akisikia lugha yake siku nzima, vichekesho vyake, methali zake, na hakuna neno moja katika hayo lililoelekezwa kwake. Ugeni wa nchi ya mbali una nafuu, kwa sababu unatarajia kutoelewa. Yeye alielewa kila kitu.

Mtu mmoja tu alizungumza naye, Mwana Esha, mjane aliyelipwa kumletea chakula. Alikuwa mnene, mwenye ulimi mkali, na alikuwa na desturi ya kuketi juu ya gogo na kumtazama akila.

"Hivi huko kwenu mnachonga hivi hivi, mmenuna?" alimwuliza siku moja.

"Tunachonga kwa kuimba."

"Basi imba. Sisi hatuna mafundi, lakini masikio tunayo."

Mselem akamwambia kwamba nyimbo zile ni za kupokezana, mmoja hutoa na mwenzake huitikia, na mtu peke yake hawezi kuziimba. Mwana Esha alimsogezea sahani. Akasema, "Mcheza kwao hutuzwa. Wewe umecheza kwa watu, ndugu yangu. Kula samaki, atapoa."

Siku alipofika ua la tatu la mfaa, mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye keekee. Aliiweka ncha katikati ya ua, kamba ya upinde imekwisha zungushwa, tayari kutoboa. Alikaa hivyo muda mrefu. Baba yake alitoboa pale, na babu yake. Kisha aliiondoa ncha, akachukua patasi ndogo, akalimaliza ua likiwa zima. Lilikuwa ua zuri. Hakulitazama tena.

Lango lilisimamishwa, na Kiwanyu nzima ilitoka kulitazama. Wanawake walipiga vigelegele. Mselem alikwenda barazani kuomba punda wake. Mfalme akasema mvua za masika zimekaribia, njia haipitiki, asubiri. Masika yakapita. Mfalme akasema sasa msikiti unahitaji mimbari. Mselem alichonga mimbari. Mfalme akasema habari za vita zimeanza kusikika, na katika vita haitoki roho mjini. Neno hilo la mwisho lilikuwa la kweli.

Mtangeni walikuja baada ya mavuno, kwa ngoma na bendera, watu mia kadhaa wenye mikuki, pinde na ngao za ngozi ya kiboko. Walinzi wa Kiwanyu waliokuwa juu ya ukuta walicheka walipowaona, kwa kuwa jeshi lile halikuleta ngazi wala gogo la kuvunjia lango. Walisema Mtangeni wamekuja kubisha hodi. Mselem alisikia kicheko kile akaweka patasi chini. Yeye alijua kwa nini hawakuleta ngazi. Sadiki alikuwa amewaambia wakuu wa vita: lango lile amelichonga kaka yangu, nipelekeni tu hadi penye mfaa.

Akakimbia. Walinzi wote walikuwa juu ukutani, wakitupa mishale. Chini langoni hapakuwa na mtu, kwa kuwa komeo lile lilitaka wanaume wanne kulinyanyua. Alipofika aliegemeza sikio kwenye mbao. Nje kulikuwa na kelele za watu wanaopigwa mishale chini ya ngao zao, na karibu sana, kwa urefu wa kiuno, palikuwa na sauti ndogo ya kukwaruza. Ni ncha ya kisu, inatafuta kwenye ua la tatu.

"Sadiki," akaita.

Kukwaruza kukakoma. "Kaka Mselem? U hai?"

"Ni hai."

"Alhamdulillahi. Niambie umekigeuza vipi. Ua la tatu ni zima, nimejaribu la nne pia."

"Sikukiweka."

"Usinifanyie mzaha, kaka. Watu wanakufa mgongoni kwangu."

"Sikukiweka. Waliniapisha. Niliapa ili niachiwe nirudi nyumbani."

Nje mtu alilia kwa sauti kubwa, kisha akanyamaza. Sadiki alikuwa anahema.

"Wakakuachia?"

"La."

Kisu kilikwaruza tena, kwa nguvu, kama cha mtu asiyetafuta kitu tena. Mselem aliingiza vidole chini ya komeo akavuta, yeye peke yake, hadi ngozi ya viganja ikachanika. Halikusogea. Alikuwa amelipima vizuri mno.

"Ondoka, mdogo wangu," akasema. "Rudisha watu. Halifunguki."

"Naona halifunguki. Ni kazi nzuri." Sauti ya Sadiki ilikuwa imetulia sasa, na utulivu ule ulimwumiza kuliko kelele. "Mama aliniambia nisirudi bila wewe. Nitamwambia sikukukuta."

Ikapigwa ngoma ya kurudi nyuma. Mtangeni waliacha maiti nyingi mbele ya lango, baadhi yao wameliegemea kama wapangaji waliokuta mlango umefungwa. Kiwanyu walisherehekea siku nyingi. Watu waliomwita Mtangeni sasa walimwita Fundi Mselem, wakamwamkia njiani, wakampisha safu ya mbele msikitini. Naye Fumo Tambawe, ambaye hakuwa tena na sababu ya kumzuia, alimpa joho, punda wawili na chakula cha safari. Alisema kwamba ahadi ya mfalme huchelewa lakini hufika.

Mwana Esha alimfungia mikate kwenye kitambaa. Hakufanya mzaha siku ile. Alisema tu, "Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Nenda kwenu."

Alikwenda. Alivuka msitu, akapita mahali pale walipomkamata, na gogo la mvule lilikuwa limelala bado, limeota uyoga. Alifika Mtangeni alasiri. Lango lilikuwa limefungwa kwa sababu ya vita, na juu yake hapakuwa na mlinzi, kwani watu wote walikuwa msikitini, palepale nyuma ya ukuta. Walikuwa wanasoma hitima ya waliokufa Kiwanyu. Mselem alisimama akasikiliza. Msomaji alitaja majina, moja baada ya jingine, na kwa kila jina watu waliitikia amina. Aliyajua yote. Mengine yalikuwa ya vijana aliowaona wakitahiriwa.

Kisha msomaji akataja jina la Mselem bin Shee, aliyefia utumwani kwa kukataa kuwachongea adui, kwani Sadiki alipoligusa lango lile alitambua kwamba ni kazi ya mwingine. Watu wakaitikia amina, na miongoni mwao palikuwa na sauti ya mwanamke mzee iliyochelewa kidogo kuliko nyingine.

Lango lile alilichonga baba yake. Mselem alishusha mkono hadi ua la tatu, akaweka kidole. Kijiti kilikuwepo. Kilisogea kidogo, laini, kama kilivyosogea siku alipofundishwa. Angekichomoa, angeingia, na mama yake angekuwa na mwana aliye hai, na katika saa ileile mji wote ungejua kwa nini lango la Kiwanyu halikufunguka, na kwamba Sadiki amedanganya katika hitima. Alikirudisha kijiti mahali pake kwa kidole gumba. Akageuza punda.

Aliishi Kiwanyu hadi uzeeni. Hakuoa, na hakuchonga lango jingine. Alichonga vitanda, vinu, viti vya mbuzi, vitu ambavyo havifungwi. Mwana Esha alimletea chakula hata baada ya kuacha kulipwa, na alipokufa yeye hakuja mwingine. Mara moja tu alikataa amri ya mfalme. Fumo Tambawe alichukizwa na mikwaruzo ya kisu kwenye mfaa, akamwita aijaze kwa nta na unga wa mti, lango lipendeze kama zamani. Mselem alisema hapana. Mfalme akamwuliza kama anajua anasema na nani. Akasema anajua, na akarudi kibandani kwake, na kwa sababu isiyojulikana mfalme alimwacha.

Miji yote miwili imekwisha. Kiwanyu walikosa maji, Mtangeni walikosa watu, na msitu ukala kuta. Waliobaki hawakumbuki Fumo Tambawe alitawala miaka mingapi, wala nani alishinda vita gani. Lango lilipelekwa mahali pengine, likatumika katika nyumba ya mfanyabiashara, likauzwa tena. Wenye kulimiliki husifu mnyororo na mayungiyungi. Mikwaruzo ya ua la tatu husema ni ya panya.

Ukishusha kidole pale utaona si ya panya. Panya hutafuna ukingoni. Hii imeanzia katikati kabisa ya ua, mahali ambapo palitakiwa kuwa na tundu.